Shajara ya kutafuta wadhamini watatu nikiwa na miaka 47

Nimefanya kazi za ghala miaka 22: minane kiwandani, kumi na minne kwenye kampuni ya usambazaji ambako bado nipo. Sasa nataka kuhamia ukufunzi, niwafundishe vijana kupokea mzigo, kuutunza na kuuhesabu. Vyeti ninavyo, uzoefu upo, hata usaili siuogopi. Kilichonikwamisha ni nafasi tatu tupu mwishoni mwa fomu: jina la mdhamini, cheo chake, mawasiliano yake. Simaanishi mdhamini wa mkopo wala wa mahakamani. Namaanisha mtu unayemtaja ili mwajiri mpya amuulize habari zako.

Kijana wa miaka 25 humtaja mwalimu wake wa chuo na msimamizi wa mafunzo kazini, mambo yakaisha. Mimi nikimtaja mwalimu wangu wa chuo leo itakuwa kichekesho. Naandika kila hatua inapokamilika. Yaliyokwenda vizuri nayapitia haraka, yaliyoharibika nayaeleza kwa kirefu.

## 3 Februari: Nimemtaja marehemu

Ombi la kwanza nililituma katikati ya Januari, usiku, siku ya mwisho ya kupokea maombi. Nilifungua wasifu wa miaka kumi na minne iliyopita, nikabandika kazi ya sasa juu, nikarekebisha namba yangu ya simu, nikatuma. Sehemu ya wadhamini sikuitupia hata jicho.

Leo imeingia barua pepe ya mistari minne. Mdhamini wa kwanza: namba haitumiki. Wa pili: simu ilipokelewa na binti yake, akasema baba alishafariki. Wa tatu: kampuni ilishafungwa, barua pepe imerudi. Kwa kuwa hawakuweza kuthibitisha taarifa zangu, hawataendelea na ombi langu.

Kinachouma ni kwamba msiba ule niliusikia. Nilituma rambirambi mwenyewe. Ila wasifu ulikuwa umelala kwenye kompyuta na jina lake ndani, wala sikuwahi kuyaunganisha mambo hayo mawili. Nikampigia yule binti kumwomba radhi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Usijali, baba mdogo. Angekuwepo angekusemea, alikuwa anakutaja." Baada ya simu ile nikaamua kazi hii niifanye kwa adabu.

Gharama mpaka hapa: ombi moja, wiki tatu za kusubiri.

## 8 Februari: Majina 26, wakabaki tisa

Nimechukua daftari nikaandika kila mtu aliyewahi kuniona nikifanya kazi. Si kila ninayemjua, aliyeniona kazini. Nimekwenda mwaka kwa mwaka, maana ukianza na swali la nani anakupenda utajaza daftari majirani na mashemeji. Zilizonisaidia kukumbuka ni hati za zamani za mshahara, barua mbili za kupandishwa cheo, na picha moja ya siku ya kuhesabu mali ambayo mtu aliandika majina ya waliokuwepo kwa nyuma. Jumla majina 26.

Halafu nikaanza kuchuja. Ndugu wote nje, hata binamu niliyefanya naye kazi miaka mitatu. Fomu inakataza ndugu waziwazi. Kiongozi wangu wa dini na mwenyekiti wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa nimewaweka kando. Hao ni wadhamini wa tabia: watasema mimi ni mwaminifu na sina makuu, lakini hawajui kama naweza kusoma hati ya kupokea mzigo. Ipo siku watahitajika, ila fomu hii inataka watu walionisimamia au kufanya kazi nami. Waliofariki ni wanne. Kwa umri huu orodha ya wadhamini inaanza kufanana na daftari la rambirambi.

Mchujo wa mwisho ulikuwa swali moja: namkumbuka mtu huyu katika tukio gani? Kama sina tukio hata moja, nilifuta. Kama mimi mwenye shida nimesahau, yeye je?

Wamebaki tisa. Humu nitawataja wanne kwa majina ya kupanga: Mzee wa Zamu, msimamizi wangu wa kiwandani, amestaafu; Mkurugenzi, aliyewahi kuwa juu yetu sote kwenye kampuni ya sasa kabla hajahama; Dada wa Manunuzi, tuliyeshirikiana naye miaka sita na ameondoka miaka miwili iliyopita; na Mkali, bosi tuliyegombana.

Muda: saa tatu, chai baridi vikombe viwili.

## 15 Februari: Simu 31

Katika namba tisa nilizokuwa nazo, nne tu zilikuwa hai. Moja niliyoihifadhi kama "Bosi Ghala" ilipokelewa na kijana: "Namba hii ni yangu, mzee. Wewe ni wa saba kumuulizia huyo bosi." Nikamwomba akipigiwa na wa nane amchukulie namba. Akacheka, akakata.

Kosa langu hapa lilikuwa kuwatafuta wakubwa kupitia wakubwa. Nilipiga ofisini, nikaulizwa ninatoka wapi na ninamtaka kwa sababu gani, nikawekwa kwenye muziki. Siku mbili zimepotea hivyo. Aliyenifungulia njia ni dereva wa zamani. Dereva hafuti namba. Kwa simu moja alinipa mawasiliano ya watu sita na habari zao: nani kastaafu, nani kahama, nani hazungumzi na nani. Baada yake karani mmoja na mlinzi mmoja wakamalizia. Mtandao wa LinkedIn ulinipatia mmoja tu, Dada wa Manunuzi.

Tatizo la pili ni aibu. Kumpigia mtu baada ya miaka tisa, na unapiga kwa sababu una shida. Nilisogeza simu hizo kutoka asubuhi kwenda mchana, kutoka mchana kwenda kesho. Kilichonitoa kitandani ni utafiti wa mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, uliochapishwa 1973. Aliwauliza watu waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu kwamba mtu huyo walikuwa wakionana naye mara ngapi. Waliosema mara kwa mara walikuwa asilimia 16.7 tu. Wengi walisema mara mojamoja, na asilimia 27.8 walisema kwa nadra sana. Yeye alikuwa anachunguza habari za nafasi za kazi, si wadhamini, lakini mimi nilichokihitaji ni kujua kwamba mtu wa mbali kukusaidia si jambo la ajabu.

Simu ya Mzee wa Zamu naiandika yote, kwa sababu ndiyo iliyobadilisha namna nilivyofanya mengine.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

Nikataja jina langu. Kimya. Nikataja kiwanda na mwaka. "Eeh, tulikuwa wengi pale," akasema, kwa sauti ya mtu anayetafuta namna ya kuaga. Nikakaribia kusema samahani nimekosea namba.

"Mzee, mimi ndiye niliyekataa kusaini ule mzigo wa usiku."

"Aaah! Katoni arobaini pungufu! Dereva akataka kukuvunja meno!"

"Ndiyo mimi."

"Mwanangu, jina lako lilishanitoka. Zile katoni arobaini sijazisahau hata siku moja."

Tukaongea dakika 25, ishirini kati ya hizo kuhusu goti lake. Amekubali. Ila hana barua pepe, na fomu za mtandaoni hutuma kiungo kwa mdhamini ajaze mwenyewe. Mjukuu wake alijitolea kumfungulia anwani. Nikakataa, maana Mzee angeishia kujaziwa na mjukuu, na mjukuu hajui katoni. Nimeamua nitakapotuma ombi nitawaandikia watu wa rasilimali watu mapema: mdhamini huyu amestaafu, anapatikana kwa simu asubuhi, je inakubalika?

Jumla ya simu 31, saa saba.

## 27 Februari: Cheo kikubwa, mdomo mtupu

Hapa ndipo nilipopoteza ombi la pili, na kosa ni langu mia kwa mia.

Nilikuwa na Mzee wa Zamu mkononi, lakini roho ikataka jina linalong'aa. Nikamwandikia Mkurugenzi: "Habari za siku nyingi, mkuu. Naomba kutumia jina lako kama mdhamini wangu." Jibu likaja kabla sijaweka simu mezani: "Bila shaka, weka tu." Nikaona nimepatia. Nikamweka wa kwanza kabisa.

Wiki iliyofuata nikakataliwa. Kwa kawaida hawasemi kwa nini, lakini aliyenipigia alikuwa mama mmoja mpole, nadhani alinionea huruma. "Mdhamini wako wa kwanza alithibitisha kwamba ulikuwepo pale. Alisema anadhani ulikuwa upande wa hesabu. Hakuwa na zaidi."

Upande wa hesabu! Miaka minne mtu huyo alisaini ripoti zangu za ghala kila mwisho wa mwezi. Lakini nilipotulia nikaona hana kosa. Alisaini ripoti, hakuwahi kuniona nikihesabu. Na ile "weka tu" ilitoka haraka kwa sababu haikumgharimu kitu.

Sifa vuguvugu inaua kuliko lawama. Wajerumani wana utaratibu wao: mfanyakazi anayeondoka ana haki kisheria ya kupewa cheti cha kazi cha maandishi, nacho hakiruhusiwi kumsema vibaya, kwa hiyo waajiri wamejitungia lugha ya mafumbo. Wakiandika kwamba ulifanya kazi "daima kwa ridhaa yetu kamili kabisa", umefaulu sana. Wakiondoa "daima" na "kabisa", ukabaki na "kwa ridhaa yetu kamili", ni wastani. Wakibakiza "kwa ridhaa yetu" peke yake, msomaji anajua ulikuwa unaburuza miguu. Mkurugenzi wangu hakunisema vibaya hata kidogo.

Marekebisho. Sasa siombi tena ruhusa ya kutumia jina. Ujumbe mpya uko hivi, chukua kama ulivyo ukitaka:

"Naomba kazi ya ukufunzi wa mambo ya ghala. Wataniulizia kwa watu waliofanya kazi nami. Je, unaikumbuka kazi yangu kiasi cha kuweza kuizungumzia, na ungejisikia huru kunisemea? Kama hapana niambie tu, sitachukia, nitatafuta mwingine."

Hiyo sentensi ya mwisho usiifute. Niliwatumia watano. Wawili wamejitoa kwa heshima, na kila mmoja wao ameniokoa na "anadhani alikuwa upande wa hesabu" nyingine. Wa tatu amesema kampuni yake haimruhusu kutoa zaidi ya tarehe na cheo. Zamani nilidhani majibu ya namna hiyo ni chuki. Kumbe ni woga wa kushtakiwa: huko Uingereza, kwa mfano, mahakama ya juu kabisa iliamua mwaka 1994 kwamba mwajiri anayeandika habari za mfanyakazi wake wa zamani ana wajibu wa kuwa mwangalifu, na akiandika kizembe anaweza kudaiwa fidia. Asiyesema kitu hashtakiwi.

Gharama: ombi la pili, siku 12.

## 6 Machi: Makaratasi

Hatua hii ni fupi. Kwa kuwa kiwanda kilishafungwa na hakuna wa kupigiwa, nimekusanya ushahidi wa maandishi: barua ya ajira, barua za kupanda cheo, na taarifa ya michango yangu ya pensheni, ambayo inaonyesha mwezi kwa mwezi nani alikuwa ananilipa. Hiyo ya pensheni ina nguvu kuliko zote kwa sababu siyo mimi niliyeiandika.

Nayo ikanifichua. Wasifu wangu ulisema niliondoka kiwandani Desemba. Michango inaonyesha Septemba. Miezi mitatu nilikuwa mtaani bila kazi na nilishaisahau. Mwajiri akiona tofauti hiyo hataiita usahaulifu. Nimesahihisha.

Kama bado hujaondoka kazini, au umeondoka juzi, omba cheti cha utumishi mapema, kabla ofisi haijakusahau. Shirika la Kazi Duniani, katika Pendekezo lake namba 166 la mwaka 1982, linasema mfanyakazi aliyeachishwa apewe akiomba cheti chenye tarehe za kuanza na kuacha na aina ya kazi, na tathmini ya utendaji iwekwe pale tu mwenyewe anapoitaka. Pendekezo si sheria, lakini kuna nchi zenye sheria inayofanana nalo; angalia ya kwako. Mimi kiwandani niliondoka na mkono wa kwaheri.

## 12 Machi: Karatasi ya kumkumbusha

Somo la katoni arobaini: watu hawakumbuki jina, wanakumbuka tukio. Kwa hiyo kila mdhamini nimemwandalia ukurasa mmoja.

Toleo la kwanza lilikuwa kurasa tatu. Nilieleza maisha yangu yote, nikaongeza sentensi tamu za kunisifu ili mtu asipate shida ya kutunga. Dada wa Manunuzi alinipigia badala ya kujibu kwa maandishi.

"Kaka, hii ni hotuba yangu au yako?"

"Nimekurahisishia tu, dada."

"Umenitungia uongo mzuri. Hapa naambiwa niseme wewe ni 'kiongozi mwenye maono'. Mimi sijawahi kuona maono yako. Nimeona ukirudisha oda yangu mara tatu kwa sababu kipimo kilikosewa, na mara ya tatu ulikuwa sahihi. Hilo nitalisema."

Nikafuta kila sifa. Na hatari nyingine sikuwa nimeiona: sentensi zile zile nilikuwa nimewatumia watatu. Wakijaza fomu kwa maneno yanayofanana, anayesoma atajua ni nani mwandishi.

Toleo la sasa lina mambo haya tu: nafasi ninayoomba na kazi zake kubwa, nikiwa nimenakili kutoka kwenye tangazo lenyewe, nilifanya kazi naye lini na kwa cheo gani, tarehe zikilingana na wasifu, matukio mawili tuliyoyashuhudia wote, bila sifa, jambo moja nililoshindwa na nililolifanya baadaye, na ni nani atampigia, kati ya tarehe gani na gani. Kila mdhamini ana matukio yake. Mzee wa Zamu anazungumzia msimamo kwenye hesabu, Dada anazungumzia namna ninavyofanya kazi na idara nyingine, na wa tatu azungumzie ninavyofundisha.

Huyo wa tatu ndiye sikuwa naye. Naomba kazi ya kufundisha na sina shahidi wa kufundisha.

Kwa Mzee karatasi nimeisoma kwa simu, mstari kwa mstari. Kwenye tarehe akanisahihisha. Alikuwa sahihi.

## 19 Machi: Mkali

Mtu aliyeniona nikifundisha ni Mkali. Miaka mitano iliyopita, akiwa bosi wangu, alinipa vijana wanane wapya niwapike kwa miezi miwili. Vijana wakaiva. Sisi wawili tukagombana juu ya zamu zao za usiku, maneno yakatoka mbele ya watu, na tangu alipohama hatukuwahi kusalimiana.

Kila niliyemuuliza alisema achana naye. Nimempigia. Sikumwomba awe mdhamini, nilimuuliza swali: "Ukiulizwa habari zangu, utasema nini?"

Alifikiri muda mrefu mpaka nikaangalia kama simu imekatika.

"Nitasema ukweli. Wale vijana wanane, sita wako pale mpaka leo, na ni wewe uliyewafundisha. Na nitasema una mdomo."

"Mdomo gani?"

"Huo huo."

Nimelala na jambo hili usiku mbili. Upande mmoja, kumtaja mtu aliyeahidi kunisema vibaya ni wazimu. Upande mwingine, alichoahidi kusema ni kweli, na hakuna mwingine awezaye kuzungumzia wale vijana. Nilijituliza pia kwa takwimu: Frank Schmidt na John Hunter, mwaka 1998, walijumlisha tafiti za miaka 85 kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi. Kwenye kipimo ambacho 0 ni kubahatisha tu na 1 ni kupatia kabisa, maneno ya wadhamini yalipata uwiano wa 0.26 na utendaji wa mtu kazini, wakati usaili wenye maswali yaliyopangwa ulipata 0.51. Yaani mdhamini anasaidia, lakini hashiki roho yangu mkononi. Nitakuwa na usaili wa kujieleza.

Nikamrudia. Nikamwomba awe mdhamini, na kuhusu mdomo nikamwambia aseme. Kwenye karatasi yake, ile sehemu ya jambo nililoshindwa, nimeandika ugomvi wenyewe na kwamba siku hizi mabishano ya zamu nayafanya ofisini, mlango umefungwa. Amejibu kwa neno moja: "Sawa."

## 23 Machi: Kisanduku kidogo

Ombi la tatu liko tayari. Mwajiri wa sasa hajui kama naondoka, na sitaki ajue kwa kupigiwa simu. Nilipitia fomu mara mbili nikaridhika. Mara ya tatu, karibu na pale pa kubonyeza kutuma, nikaona kisanduku chenye maandishi madogo: naruhusu mwajiri wangu wa sasa aulizwe wakati wowote. Kilikuwa kimeshawekewa alama ya kukubali. Mikono ilipata jasho.

Nimekiondoa, na kwenye nafasi ya maelezo nimeandika: "Mwajiri wa sasa aulizwe baada ya mimi kupewa ofa ya maandishi." Hakuna aliyelalamika. Na kuhusu Mzee, watu wa rasilimali watu walijibu siku iliyofuata kwamba simu inakubalika. Wiki mbili nzima nilikuwa nikihangaikia jambo lililohitaji barua pepe moja.

Nimetuma. Kabla ya kutuma niliwapigia wote watatu kuwaambia namba ngeni itakayoingia waipokee. Fanya hivyo. Watu wa umri wao hawapokei namba wasiyoijua, na wana sababu zao.

## 9 Aprili: Wamepigiwa

Usaili ulikuwa tarehe 2. Waliniuliza wenyewe, bila kuzunguka: "Tukimuuliza bosi wako wa zamani udhaifu wako, atasema nini?" Nikajibu, "Atasema nina mdomo," nikaeleza habari za zamu. Mmoja akaandika kitu.

Jana wadhamini wote wamepigiwa ndani ya saa mbili. Sijui kila walichosema, wala sikuwabana. Dada aliniambia maswali yalikuwa ya kawaida: tarehe, cheo, nilivyoelewana na wenzangu, na mwisho lile ambalo nasikia huulizwa karibu kila mahali: ungemwajiri tena? Mkali hakuniambia kitu. Mzee wa Zamu alinisimulia upande wake kwa dakika arobaini, na naona ndivyo alivyowafanyia na wao.

"Wakaniuliza kama ningekuajiri tena. Nikawaambia mimi nimestaafu, siajiri mtu, lakini ningekuwa na ghala ningelala usingizi."

## 28 Aprili: Ofa

Barua ya ofa imekuja. Mshahara ni mdogo kuliko wa sasa, nilijua. Kwa mwajiri wangu nimekwenda mwenyewe na barua mkononi, tukaongea vizuri kuliko nilivyotarajia, na kabla sijatoa notisi nimeomba cheti cha utumishi na tathmini kwa maandishi. Safari hii siondoki na mkono wa kwaheri.

Hesabu ya mradi mzima: miezi mitatu na nusu, maombi matatu, simu 58, saa zipatazo 30, usiku mbili za kumfikiria Mkali. Daftari la majina nimelihamishia kwenye kompyuta, na kila jina lina tukio lake pembeni. Wote tisa nimewapigia kushukuru, pamoja na wale wawili waliojitoa.

## 16 Juni: Nyongeza

Wiki ya tano kazini. Vijana 14, wawili tayari wanabishana nami juu ya hesabu, ninawapenda hao.

Leo mchana nilikuwa na nafasi nikampigia Mzee wa Zamu, sina shida yoyote, kumjulia hali ya goti tu. Alipokea mlio wa kwanza.

"Marahaba, marahaba. Haya sema, wananipigia saa ngapi?"